Kipanga wa Mtaani Kwetu

Dada yangu mpenzi,

Sisi wazima, na paa halivuji tena. Habari kubwa ni ya ndege. Majirani walidai kuna mwewe mtini kwangu anayemaliza vifaranga, auawe. Nikamtazama wiki tatu kwa darubini ya marehemu mume wangu: mabawa mafupi ya mviringo, mkia mrefu, kifua chenye mistari. Kumbe ni kipanga wa msituni! Msitu umekatwa, naye amejifunza kupenya kati ya nyumba akiwinda njiwa. Vifaranga huliwa na paka wa fundi cherehani. Nimemshuhudia kwa macho yangu.

Jana shemeji alikuja na mtu wa msumeno.

“Mti unaangushwa, shemeji. Nyumba tunaiuza. Wewe rudi kwenu.”

Nikaegemea shina. “Juu kuna makinda wawili. Na hati ya nyumba ina jina langu. Kaka yako aliliandikisha mwenyewe. Mkitaka kukata, anzeni na mimi.”

Mtu wa msumeno alizima mashine, akaenda zake.

Shemeji ameapa kurudi na wakili. Aje tu! Ile nauli uliyotaka kunitumia, kaa nayo. Sihami.

Mdogo wako, mkaidi kama mama.