Tumbawe Linajenga, Tumbawe Anajenga

Jumapili, 3 Novemba. Riyadh
Uniwie radhi, shajara. Tangu Idi sijaandika. Uvivu, hakuna jingine. Leo nimesahihisha Kiswahili cha maonyesho ya bahari yatakayofunguliwa Jeddah. Mada: mtaalamu wa viumbe wa karne ya kumi na tisa, kijana, aliyezunguka dunia kwa meli ya utafiti, akaeleza jinsi visiwa vya matumbawe vinavyojengeka huku sakafu ya bahari ikizama. Mwandishi ni Dkt. Wanjiru, Mkenya anayetafiti bahari huko. Ameandika "tumbawe anajenga". Nimekata kwa wino mwekundu, nikaandika "linajenga". Kosa la mtoto wa darasa la tatu.

Jumatatu, 4 Novemba
Wanjiru amepiga simu. Amerudisha "anajenga". Nimekasirika. Nyumba niliyozaliwa Unguja ni ya mawe ya matumbawe. Ukuta haupewi kiambishi cha mtu.
"Mwalimu," akasema, "huo ukuta ni maiti. Mimi naandika juu ya fundi."
Hana adabu. Msimamizi wa maonyesho naye amesema: bila sahihi yangu kufikia Alhamisi, Kiswahili kinaondolewa, kinabaki Kiarabu na Kiingereza. Sitishiki. Haki ni yangu.

Jumanne, 5 Novemba
Basi la Jeddah, kutoka mtaa wa Batha hapa Riyadh. Nakwenda kummaliza kwa hoja, ana kwa ana.

Jumatano, 6 Novemba. Jeddah
Amenipokea kituoni, akaendesha gari mwenyewe. Miaka michache nyuma isingewezekana mwanamke kuendesha nchi hii. "Funga mkanda, Mwalimu. Sarufi haitakuokoa hapa." Anaendesha vizuri. Kasi mno.
Maabara. Tangi, kioo cha kukuzia. Matumbawe walinyoosha mikono myembamba kama uzi, wakakamata chakula, wakajikunja. Chini yao jiwe walilojenga wenyewe. Kijana wa meli alitambua kwamba visiwa vizima ni kazi ya viumbe hawa, kizazi juu ya kizazi. Safari ile iliwazoesha wataalamu kuamini kwamba kidogo kidogo, kwa muda mrefu, dunia hubadilika. Fikra kubwa.
Miaka yote nimefundisha: kifaru anakula, kipepeo anaruka. Uhai hushinda umbo la neno. Kanuni yangu mwenyewe. Sikumwambia.

Alhamisi, 7 Novemba
Chai, mtaa wa Ghulail, hapa Jeddah. Karatasi ya sahihi iko mbele yangu. Nimesoma niliyoandika jana. "Walinyoosha." "Wakajikunja." Mkono wangu mwenyewe umewapa kiambishi cha viumbe hai. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi. Nimeifunika.
Wanjiru anakuja baada ya Alasiri. Nitakaloamua nitaliandika hapa, kwa upatanisho sahihi.