Karatasi ya Baba

Gdańsk, 3 Machi

Mdogo wangu Ziemowit,

Natumai hujambo. Mimi kifua kimepona, ila kwa hasira nilizonazo leo sijui kama hakitarudi tena.

Baba kanipigia simu, amesusa. Miaka miwili tumetunga mchezo wetu wa kuigiza mezani, wa dadu na hadithi ambayo kila mchezaji ana mhusika wake, na mhusika wa Baba nilimtunga mwenyewe: mwongoza chelezo cha magogo mtoni, uwezo wake mmoja tu, kuusoma mto. Hadithi ikifika mtoni, meza nzima inamtazama yeye. Wewe umekwenda kumpa uwezo wa kufungua makufuli, kutibu majeraha, kudanganya walinzi na sijui nini tena! Sasa kila mtu anaweza kila kitu. Kiwandani walipomwachisha kazi walimwambia Baba hivyohivyo, kwamba kupima anaweza yeyote, fundi wa mizani hahitajiki tena. Huna haya?

Rudisha sheria zangu kabla kitabu cha mchezo wetu hakijaenda kwa mchapaji.

Dada yako,
Bogna

Toruń, 9 Machi

Dada Bogna,

Sisi hatujambo. Ahsante kwa kutujulia hali mstari mmoja na kunitukana kumi.

Wewe uko Gdańsk, mezani nakaa mimi kuusimamia mchezo. Jumapili sita mfululizo hadithi iko milimani, na Baba kazi yake kumenya matofaa huku wenzake wakirusha dadu. Ulitaka niuhamishie mto Wisła mlimani? Uwezo mmoja unapendeza kitabuni, mezani ni adhabu. Nilitaka na yeye awe na la kufanya, basi. Nikachukua karatasi yake ya mchezo, ile yenye uwezo wa mhusika wake, nikafuta, nikamwandikia uwezo wa aina saba. Alipofika akaisoma, akavaa koti, akaondoka bila kwaheri.

Sheria sirudishi ng'o.

Mdogo wako,
Ziemowit

Gdańsk, 12 Machi

Ziemowit,

Salamu baadaye. Umefuta karatasi yake? Kwa mkono wako? Mpumbavu wewe! Tangu tulipoanza kucheza michezo hii shuleni, karatasi ya mchezaji haiguswi ila na mwenyewe. Hata msimamizi wa mchezo anaomba ruhusa. Nenda kwa Baba leo hii.

Bogna

Toruń, 28 Machi

Dada,

Natumai kifua kimetulia. Nimechelewa kujibu kwa sababu Baba alikataa kunifungulia mlango wiki mbili. Jana kanifungulia. Nikaomba radhi, nikamwambia nimemrudishia uwezo wake mmoja, kama ulivyotaka. Nilidhani atafurahi. Alifoka mpaka jirani akagonga ukuta.

"Bogna kanipa mto. Nani kamwambia napenda mto? Wewe ukanipa takataka saba. Miaka miwili mnanipangia, yuko mmoja wenu aliyeniuliza nataka kuwa nani? Hamna tofauti na wale wa kiwandani!"

Ni kweli, mimi sikumuuliza, na wewe hukumuuliza. Akadai karatasi tupu. Akaandika muda mrefu, kanipa mgongo nisione.

Jumapili atakuja mezani, na anakutaka uwepo. Kitabu nimekizuia. Bado nimekukasirikia, lakini panda treni.

Mdogo wako,
Ziemowit