Kakao ya Waliokimbia

Beni, Mulekera, tarehe 7 Oktoba 2023

Baba mpendwa,

Tunakusalimu mimi na watoto. Kikohozi cha Bénie kimepona, wote tunakula vizuri. Goti lako linaendeleaje? Usiniambie haliumi, najua unapanda kilima kila asubuhi kwenda misa.

Nimempa dereva barua hii kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika katikati.

Kwa wiki mbili sasa sinunui kakao ya mtu asiyekuja na shahidi wa kijiji chake. Unajua mambo yalivyo. Wenye mashamba wamekimbia waasi, wanalala huku mjini, Mulekera na Beu, kwa ndugu zao, na watu wengine wanavuna nyuma yao. Magunia yanafika kwenye depo juu ya pikipiki, kakao haijachachuka hata siku mbili, maana mwizi hana nafasi ya kungoja siku sita. Na wenye mashamba wanasimama nje ya lango letu wakiangalia. Nilishindwa kuvumilia.

Wanunuzi wenzangu wananicheka. Patron wa Butembo anayechukua kakao yetu amesema kamio, lile lori lake, lisipojaa kabla ya Noeli, atatafuta mnunuzi mwingine. Depo ina jina lako, Baba. Niambie unavyoona.

Binti yako,
Kavuo


Butembo, tarehe 15 Oktoba 2023

Kavuo, mtoto wangu,

Goti linauma. Haya, nimesema kweli, uridhike. Mengine yote ni salama, namshukuru Mungu.

Kama ulitaka kuwa sista ungeniambia mapema, ningekupeleka konventi badala ya kukuachia depo. Nimenunua kakao miaka ishirini. Mnunuzi anauliza kama imekauka na ina uzito gani, basi. Ukiikataa wewe, jirani ataipokea kabla vumbi la pikipiki halijatulia, na mwenye shamba atabaki vilevile bila kitu. Watu kumi na wawili wanalisha nyumba zao kwa depo hiyo. Mkono mtupu haulambwi.

Fungua lango, jaza kamio. Nakugombeza kwa sababu nakupenda.

Baba yako,
Syauswa


Beni, tarehe 11 Desemba 2023

Baba mpendwa,

Pokea salamu. Mvua haituachi, lakini hakuna mgonjwa nyumbani. Natumaini na wewe umeamka vizuri.

Sikukutii. Na sasa nina jambo baya zaidi la kukuambia.

Mwezi uliopita alifika mama mmoja, Godelive, amebeba gunia mgongoni peke yake. Nikamuuliza shahidi wake ni nani. Akanijibu, "Benye balikuwa bananijua balishaisha, mama." Nilikuwa nimesikia uongo wa kila namna wiki ile. Nikamwambia mbele ya watu wote kwamba mwizi naye anajua kulia, aende akalie huko mbele. Akajitwika gunia lake akaondoka.

Siku ya tatu akaja Sadrack, katekista aliyekuwa akizungukia vijiji vya kwao. Akaniambia shamba ni la mama yule. Alirudi huko mwenyewe kuvuna, wakati hata wanaume wanaogopa njia ile, akachachusha kakao yake siku zote sita. Watu wa kijiji chake kweli wameisha, wengine wamekufa, wengine wamevuka kwenda Uganda. Baba, nililia kwa aibu. Sheria niliyoiweka kwa ajili ya watu kama yeye, ndiyo niliyompiga nayo.

Éliakim, mpimaji wetu, alinishauri nimpelekee mchele nyumbani, kimyakimya. "Weye ni patron, hapana kuomba musamaha mbele ya bauzaji, batakuzarau." Nilitamani sana kumsikiliza. Lakini sikumtukana kimyakimya. Nilimwomba Sadrack amlete Jumamosi, uwanja ukiwa umejaa. Nikasimamisha mizani. Nikasema, huyu mama nilimwita mwizi hapa hapa, mkasikia. Si mwizi, mimi ndiye nilikosa. Nikapiga magoti.

Akatua gunia lake kwenye mizani. "Ulinifukuza mbele ya batu, umenirudisha mbele ya batu. Simama sasa, upime."

Jumatatu yake, waliokimbia walikuja wenyewe. Wamechagua watu wao wanaojua mipaka ya mashamba, wanakaa langoni kila siku, na asiye na ndugu wanamtafutia anayemjua. Wanasema hawataleta kakao kwa mwingine. Lakini kamio limejaa nusu tu, na patron hakungoja hata Noeli ifike, amenifuta. Kama unataka funguo za depo, nitazileta bila kinyongo.

Binti yako,
Kavuo


Butembo, tarehe 4 Februari 2024

Kavuo wangu,

Salamu kwako na kwa wajukuu. Mimi ni mzima wa mwili. Umengoja jibu karibu miezi miwili, ukadhani nimekasirika. Nilikuwa naona haya.

Funguo kaa nazo. Patron mwingine tutamtafuta pamoja. Katika maisha yangu nimeona wafanyabiashara wakubwa wa Butembo hii, lakini sijaona hata mmoja aliyesimamisha mizani ili ajishitaki. Mimi nisingeweza. Na nina ushahidi kwamba sikuweza.

Mwaka 2021 nilinunua magunia tisa kwa kijana mmoja. Nililijua shamba alikoyavuna. Lilikuwa la Kambere, rafiki yangu, ambaye alikuwa amekimbilia huku Butembo. Kila Jumapili tunapeana mkono wa amani kanisani, na sikuwahi kumwambia.

Jana nilienda kwake nikamwambia. Akauliza kama ile kakao ilikuwa nzuri. Nikasema ilikuwa nzuri sana. Akasema, "Ile miti baba yangu ndiye alipanda."

Nikataka kupiga magoti pale sebuleni kwake, akanishika mkono. "Hapana hapa mu salon, Syauswa. Hapa nani anasikia?"

Tunakuja huko depo wote wawili Jumamosi ijayo. Waambie watu wa langoni wasikose, na umtafutie Kambere kiti mbele.

Baba yako,
Syauswa