Kilti ya Fiacre

Lidcombe, Sydney
9 Juni

Mdogo wangu Concilie,

Nakusalimu. Baridi imeanza huku, ila goti langu linavumilika. Picha za arusi zimefika salama.

Nina habari ya mwanangu Fiacre. Mzee mmoja Mskoti, ambaye Fiacre alikuwa akimtunza kazini, alimwachia kilti yake, yaani ile sketi ya marinda wanayovaa wanaume wa kwao. Fiacre aliipenda, lakini aliona haya. Kwanza aliivaa chumbani, kisha akatoka nayo kutupa taka, kisha dukani. Ilimchukua miezi minane kuthubutu kupanda nayo treni.

Jumamosi nilikuwa kituoni na Mzee Katembo, Mkongomani aliyejiunga na kanisa letu karibuni. Fiacre akashuka ameivaa, akaja kwetu akitabasamu.

"Ule mwenye sketi anatuchekea, ni mtoto yako?" Katembo aliniuliza, naye akicheka.

Nilijibu, "Simfahamu."

Fiacre alikuwa amekwisha kutufikia. Alisikia. Akasema kwa adabu, "Shikamooni, wazee. Samahani, nilidhani ni baba yangu," akapita.

Alinisitiri kwa uongo, Concilie, mimi niliyemchapa utotoni kwa kusema uongo.

Leo asubuhi ametoka kwenda kazini amevaa suruali. Nilitaka kumwambia arudi akabadili. Badala yake nikamwuliza kama amebeba mwavuli.

"Ndiyo, Baba," alijibu, akafunga mlango polepole.

Wasalimie watoto. Fiacre asijue kwamba nimekuandikia.

Ni mimi kaka yako,
Aloys