Printa ya Nyumba Mbili

Kihanga, Karagwe

Kwa kaka yangu mpendwa Deodatus,

Shikamoo kaka. Hamjambo wewe na mchumba wako Mackrine huko Dodoma? Na lile vumbi mmelizoea? Sisi huku wazima kabisa, mvua inanyesha vizuri, na migomba imezaa mpaka mingine tumeiegemeza kwa miti.

Najua unachotaka kusikia. Ulisema harusi hutaifanyia nyumbani mpaka Mama na Shangazi Laurensia wasemezane, kwa maana huwezi kuketi meza kuu katikati ya watu walionuniana. Haki yako. Tangu Shangazi aseme mbele ya wageni wa Pasaka kwamba ndizi za Mama zina maji, ile njia ya kutoka mlango wetu hadi wake, ndani ya kibanja kimoja, iliota majani. Hata mimi nilikata tamaa.

Ndipo ikaja printa uliyotuma. Ulisema ni ya nyumba zote mbili, nami nikaiunganisha na kompyuta ya Mama, anayochapia nyimbo za kwaya, na ile ya Shangazi, anayotengenezea lebo za asali yake. Printa yenyewe ikakaa sebuleni kwa Shangazi, maana niliwaeleza kwamba mtandao unashika pale dirishani tu.

Basi Mama akabonyeza huku, karatasi zikatoka kule! Akaniamuru nikazilete. Nikasingizia mguu. Akaguna, akaona saa ya mazoezi ya kwaya inakaribia, akajifunga kanga akaenda mwenyewe. Alisimama nje ya mlango akikohoa tu. Shangazi akajibu kutoka ndani kwamba nyumba yake si duka la kuchapishia, anayetaka karatasi aingie azichukue. Mama akaingia. Na kwetu unakujua: mgeni akishakanyaga sakafu yako, hata kama umemnunia, hatoki bila akamwani, kahawa yetu ya kutafuna. Shangazi akaleta kikapu cha kahawa uso ameukunja, Mama akachukua punje akatafuna huku anatazama ukuta. Kaka wee! Nilikuwa nimejibanza nyuma ya mgomba, mbavu sina.

Kumbe Shangazi alikwisha kuzisoma zile karatasi. Akasema ubeti wa pili haukuwa hivyo tangu enzi za Bibi. Mama akasema ni hivyo hivyo. Wakabishana mpaka ikabidi kila mmoja aimbe wake kuthibitisha, wakajikuta wanaimba pamoja. Mguu wangu ukapona papo hapo.

Tangu hapo Mama anachapa kila jioni. Kuna siku alichapa Baba Yetu, utafikiri ameisahau.

Sasa kaka, naungama kwako. Printa ile haina haja ya dirisha la mtu. Ingeshika hata chumbani kwa Mama. Niliwadanganya. Moyo ukanisuta, jana nikaenda kwa Shangazi niwaambie wote wawili ukweli. Nikaifungua printa kwanza, nakuta wino umekwisha. Nikauliza tangu lini. Shangazi akasema tangu wiki iliyopita, na Mama anajua, na nisiwasumbue watu kwa habari za wino. Mama alikuwa ameketi hapo hapo akimenya ndizi za Shangazi. Akasema yeye amefuata karatasi zake, na hana haraka.

Machozi yalinilenga, kaka. Nikafunga printa, nikachukua kisu, nikamenya nao. Ukweli wangu nikarudi nao nyumbani.

Kwa hiyo njoo uoe. Ndizi za harusi wamesema watapika sufuria moja, na maji yakizidi hakuna atakayejua ni ya nani. Mama anakusalimu, Shangazi anakusalimu. Safari hii wamenituma kwa pamoja. Nami namsalimu sana wifi yangu mtarajiwa.

Tafadhali sana, wino usitume.

Mdogo wako akupendaye,
Benitha