Sukari Iliyohesabiwa Ikapita

Mjukuu wangu Kasongo,

Huku Kolwezi tunapumua. Baba yako, ijapokuwa ananizidi umri, bado ananiita mama mdogo, ndiyo maana mimi ni nkambo yako, bibi yako.

Umeuliza kwa nini naogopa takwimu zikisema sukari imeongezeka mkoani. Nilipokuwa mwanafunzi, nilisaidia ofisi kuzikusanya. Tulihesabu magunia ya malori ya Zambia, na mstari wa chati ukapanda vizuri. Lakini magunia yalipita moja kwa moja hadi kambi za migodi. Maduka ya mtaani yalibaki matupu. Ndipo wewe, mtoto mchanga, ukashikwa na kuhara. Muuguzi aliagiza maji ya sukari na chumvi. Ulilia bila machozi, maji mwilini yamekuishia.

Nilikimbilia kwa Mama Kapinga, muuza chai.

“Ee mademoiselle, sukari ya mu bureau yenu haiingie mu kikombe?” alinicheka, kisha akanimiminia yote aliyobaki nayo.

Nilikunywesha kijiko kwa kijiko, nikiogopa kila ulipoacha kumeza. Jioni ulipolia, machozi yalitoka.

Hata sasa mstari ukipanda, nauliza magunia yameshukia mlango wa nani.

Nkambo yako,
Ngoie