Nyumba Moja, Mtu Mmoja

Jumatatu, 2 Februari 1998

Plamen kapata kazi. Miaka miwili tangu kiwanda cha chuma kifungwe, na leo kachukuliwa kuchochea boila la kupashia jengo joto hukohuko kwetu, kiwanda cha kushona. Nyumbani tumo watano — mimi, mume wangu huyu, watoto wawili na baba mkwe, mzee Ognyan — na mpaka jana mwenye kazi nilikuwa mimi tu. Nimepika maharage na soseji. Soseji ya kweli, si ya kunusa.

Mzee kala, halafu kasema sasa nyumba hii ina mwanamume. Nikamuuliza, na mimi niliyeilisha, nilikuwa nini? Akaomba mkate.

Jumatano, 4 Februari

Mkurugenzi Getov katukusanya kantini. Oda zimepungua. Wasio na kazi wamejaa mjini, kwa hiyo haki itendeke: nyumba moja, mtu mmoja. Walio wawili wachague nani atoke, mwisho Ijumaa.

Haki! Mhasibu wetu ni mkewe. Stanka, jirani yangu wa mashine, kauliza kwa upole, “Bosi, na kwako ni nyumba ngapi?” Watu wakacheka kwa pua. Getov kasema mkewe ni mtaalamu.

Zamani wakubwa walitugawia foleni za mkate, sasa wanatugawia njaa. Kila nyumba na fungu lake.

Baadaye Stanka kaniambia, macho kwenye sindano, “Usinichukie, Rumyana. Kwangu nahangaika peke yangu. Ukitoka wewe, mimi nabaki.” Simchukii. Nawachukia waliotufanya tuchunguliane vyungu.

Alhamisi, 5 Februari

Ugomvi mezani. Mimi nina miaka kumi na miwili pale. Boila huzimwa baridi ikiisha, na mchocheaji hurudi kwao. Mtoto mdogo angeona nani abaki.

Mzee: “Mwanangu hatakaa tena nyumbani kumenya viazi.”

“Viazi haviulizi mkono wa nani, baba.”

“Watu wanamcheka.”

“Wakicheka, tunashiba?”

Plamen kasema tutaona kesho. Nimeolewa na Tutaona.

Ijumaa, 6 Februari

Naandika hapahapa kwenye mashine. Asubuhi jina langu lilikuwa limebandikwa mlangoni, miongoni mwa wanaotoka. Mimi sikumpa mtu jina langu. Stanka kaninong’oneza: jana mchana alimwona mzee Ognyan akitoka kwa Getov, kofia mkononi.

Jana mchana. Kumbe usiku nilipokuwa nikibishana, alikuwa ameshaniuza, na bado akanyoosha sahani nimwongezee supu.

Sikuondoka. Nimekaa kwenye kiti changu. Msimamizi kazima umeme wa mashine yangu. Nikashona kwa mkono. Getov kaja, kasema naharibu utaratibu. Nikamwambia utaratibu uanzie ofisini kwake. Kaenda kumwita mume wangu.

Plamen kaja sasa hivi, masizi mpaka masikioni. “Mtoe mkeo,” Getov kamwambia.

Nimemuuliza Plamen mbele ya wote: “Ulijua?”

Kavua glavu. Kavuta stuli, kaketi karibu yangu. Getov anamwambia arudi kwenye boila. Hainuki. Wenzangu wanazima mashine zao, moja moja. Mabomba ya joto yameanza kupoa, na Stanka anavaa koti lake bila kuondoka kitini.